Mshale wa Landrova ya Mama Usman

Siku nilipomwona Mama Usman kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama mbele ya gari lake hapa Gatitu, kiganja chake kimelala juu ya boneti kama mama anayempima mtoto homa. Ilikuwa Julai, mwezi ambao sisi watu wa Nyeri jua tunalisikia tu kwenye redio, likiwaka kwa wengine. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Alikuwa amevaa buibui jeusi, na chini ya buibui gambuti za kijani za kuendea shamba. Sikuwa nimewahi kuona mavazi hayo mawili kwa mtu mmoja, nikabaki kumtazama kutoka nyuma ya meza yangu ya kuchomelea.

Mimi ni fundi wa redieta. Shule niliishia darasa la nane, na maneno yangu pia ni kama yaliishia hapo. Gereji wananiita Kimya. Redieta inanifaa kwa sababu haiulizi maswali. Ikivuja unaona, unaziba, mwenyewe anaenda zake.

"Ni wewe Gatimu wa redieta?" aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

"Basi kuja uweke mkono hapa."

Nilifuta mkono, nikauweka kando ya wake. Boneti ilikuwa na joto la mkate uliotoka kununuliwa.

"Hiyo ni joto ya injini inachemka?"

"Hapana, mama. Hiyo ni ya kawaida."

"Haya. Sasa kuja uone huyu mwongo."

Alifungua mlango. Ilikuwa Landrova ya zamani, ya miaka ambayo mimi bado nilikuwa nikichunga ng'ombe wa baba, imepakwa rangi ya kijani nje na ndani, hadi kwenye dashibodi. Katikati ya dashibodi mshale wa joto ulikuwa umepanda mpaka kwenye alama nyekundu, umetulia huko kama mtu aliyefika kwake.

"Umeona? Mkono unasema hivi, mshale unasema vile. Nani mkweli?"

"Mkono," nilisema.

"Na kwa nini mshale udanganye? Utapata faida gani?"

Muchiri, fundi wa umeme wa magari ambaye kibanda chake kimepakana na changu, alicheka kwa nguvu. "Ati Kimya ameongea! Leo mvua itanyesha."

"Na hii inayotulowesha ni nini?" Mama Usman alimjibu. "Wewe kaa huko, zamu yako itafika."

Ndivyo alivyokuwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba jina lake ni Mishi, kwamba alizaliwa Majengo hapa mjini Nyeri, babu yake alipanda na mizigo ya wazungu kutoka pwani na hakurudi tena kwa sababu ya msichana mmoja wa Othaya. Mume wake, Abdulkadir, alikuwa akinunua ngozi na mbuzi kule Doldol, kupita Nanyuki. Alipofariki, watu wa msikiti walidhani mjane atakaa nyumbani apike maandazi. Akapika kwa muda mfupi. Kisha akachukua ufunguo wa Landrova, akajaza sukari na majani ya chai ya Kangari, akaenda Doldol mwenyewe, akarudi na mbuzi. Binti yake Samiha alikuwa ameolewa huko huko, kwa hiyo kila safari ilikuwa ya biashara na ya mtoto.

Siku hiyo ya kwanza alinieleza shida yake bila kuficha. Mwanawe Usman, anayeuza simu mjini, alikuwa amechoka na hofu. Mara moja mama alikwama njiani baada ya Nanyuki, mahali pasipo na nyumba, akalala ndani ya gari pamoja na mbuzi. Usman aliposikia, na akakumbuka ule mshale, alisema gari linachemka na litamuua mama. Mama akasema halichemki, siku ile wezi wa soko walinyonya petroli. Wakabishana mpaka majirani wakaingilia. Mwisho wakakubaliana: kama mafundi hawatautuliza mshale kabla ya Jumamosi, Usman ataleta mnunuzi.

"Unajua huyo mnunuzi anataka kuifanyia nini?" aliniuliza. "Ako na hoteli huko Nanyuki. Anataka kuiweka kwa geti, atoe injini, apande maua ndani. Maua! Kwa gari ya Abdulkadir!"

"Na wewe utaenda Doldol na nini?" aliuliza Muchiri.

"Sitaenda. Ndiyo maana niko hapa kwa matope nikiongea na nyinyi."

Mafundi wa mjini walikuwa wamempeleka huku na huku. Mmoja alibadilisha saa yenyewe ya joto, ile ya kwenye dashibodi. Mshale mpya ulipanda kama ule wa zamani. Wa mwisho akasema basi ni redieta imeziba, nenda kwa yule bubu wa Gatitu.

Niliifungua redieta yake. Ilikuwa safi. Maji yalipita kama mtoni. Fundi mwingine angeikwangua kidogo na kuipaka rangi nyeusi ili aonekane amefanya kazi, lakini nilikuwa nimeshaanza kushikwa na lile swali lake. Kwa nini mshale udanganye?

Nilivuka barabara kwa Wangui, anayeuza maziwa mabichi na ya kuganda, yaani mala, nikamwomba kile kipimajoto anachotumia kwenye sufuria ya maziwa.

"Kikirudi na harufu ya gari," Wangui alisema, "wateja watasema mala yangu ni ya petroli."

Tuliacha kifuniko cha redieta wazi tangu injini ikiwa baridi, tukaiwasha, tukatumbukiza kipimajoto majini. Mama Usman aliinama juu yake kama anasoma barua ya mpenzi. Kipimajoto kilipanda polepole kikasimama mahali pazuri, mbali na kuchemka. Ndani, mshale ulikuwa umeshafika kwenye nyekundu.

"Sasa maziwa na mkono wamekubaliana," alisema. "Amebaki huyu mmoja. Muchiri! Zamu yako."

Muchiri alikuja akitembea kama daktari mkuu. Kwenye injini kuna kidude cha shaba ambacho kinagusa maji na kuipelekea saa habari kwa waya mmoja; sisi tunakiita sensa. Alichomoa waya ule, na mshale ukalala chini. Akasema waya ni mzima. Akafunga sensa nyingine, mpya kabisa. Tukawasha gari, tukasubiri tukinywa chai. Mshale ukapanda, ukapita katikati, ukaenda kukaa kwenye nyekundu.

Muchiri alivua kofia. "Hii gari imerogwa."

"Kaa na urogi wako," alisema Mama Usman. "Saa tumebadilisha. Sensa tumebadilisha. Waya ni mzima, umesema mwenyewe. Sasa kama mashahidi wote ni wapya na uongo ni ule ule, nani anawafundisha?"

Nililichukua swali hilo nikaenda nalo nyumbani. Mke wangu Kabura aliniuliza mbona nakula bila kujua ninakula nini. Nilimwambia ninafikiria gari. Akasema afadhali gari.

Siku iliyofuata, Ijumaa, Mama Usman alirudi mapema na maandazi ndani ya kitambaa. Alikuwa mchangamfu, lakini niliona anazungukazunguka gari akiligusa hapa na pale, kama mtu anayeaga bila kutaka aonekane anaaga. Akatusimulia habari za Abdulkadir. Alivyokuwa mtu wa rangi. Samiha alipokuwa anaolewa, alikataa kukodi gari. Alisema binti yake atapelekwa na Landrova, lakini Landrova ya kijani mpya. Akang'oa kila kitu kwenye dashibodi, akapaka kwa brashi, kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili, mbele na nyuma, akarudishia kila kitu mahali pake. Wageni walikuwa wakiingia kuiona gari kabla ya kumwona bibi harusi.

"Na hiyo harusi ilileta baraka," aliendelea. "Hamtaamini. Tangu siku ile hii gari haili mafuta. Naenda, naenda, mshale wa petroli uko juu tu. Abdulkadir alipokufa, miezi haikupita mingi, nilisema hii ndiyo aliniachia. Wengine wanaachiwa shamba. Mimi niliachiwa gari haili mafuta."

Muchiri alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika andazi, na nililiacha hewani.

Niliona mishale miwili kando kando, wa joto na wa petroli. Mmoja unasema moto ni mwingi. Mwingine unasema mafuta ni mengi. Yote miwili inazidisha. Na siku aliyokwama njiani, lazima mshale wa petroli ulimwonyesha mafuta ya kutosha alipofika sokoni, ndiyo maana alidhani ameibiwa.

Nilitafuta kijiti cha mti, nikakipangusa, nikafungua tangi nikakitumbukiza mpaka chini. Nilipokitoa, kilikuwa kimelowa nchani tu, urefu wa kidole kidogo. Nikachungulia kwenye dashibodi. Mshale wa petroli ulikuwa unakaribia nusu.

Nilisimama na kile kijiti. Mimi si mwepesi wa maneno hata nikiwa na habari njema, na hii sikujua ni njema au mbaya. Kama ningesema, gari lingepona. Lakini ile baraka je? Mtu ameishi miaka kadhaa akijua kuna kitu mume wake alimwachia. Nikafikiria kumwambia Muchiri pembeni, atengeneze bila kueleza. Lakini mwanamke yule hakuwa wa kutengenezewa bila kueleza.

"Gatimu," aliita. "Hicho kijiti kimekuambia nini?"

Nilimpelekea. Alikitazama. Akautazama mshale wa petroli. Akakitazama kijiti tena, akakinusa. Uso wake ulibadilika pole pole.

"Hawakuwa wezi," alisema.

"Hapana, mama."

"Nilikosana na watu wa soko zima."

Muchiri alikuwa amesogea. Nilimwuliza jambo ambalo nilipaswa kumwuliza jana: je, kuna kitu kimoja kinachozilisha saa zote mbili?

Alijipiga paji la uso. "Kuna kakopo! Kadogo, nyuma ya dashibodi. Kanapunguza umeme wa betri kabla ya kuzipa hizi saa mbili. Lakini hako hakaharibiki ovyo."

"Kakikosa kufanya kazi?"

"Basi zinapewa umeme wote wa betri. Zinapanda juu kuliko..." Alikatiza maneno, akainama chini ya usukani, miguu yake ikabaki nje kwenye manyunyu. Tulimsikia akiguna huko ndani. "Kako hapa. Ni kazima. Lakini... Mama Usman, huyu mzee wako alipaka hata huku nyuma?"

"Nimewaambia. Mbele na nyuma."

"Kamefungwa juu ya rangi. Hako kakopo lazima kaguse chuma ya gari, ndiyo kafanye kazi. Hapa hakagusi chuma. Kanagusa rangi tu, na rangi haipitishi umeme. Nikwangue?"

Mama Usman alikuwa ameweka mkono kwenye dashibodi, kwenye ile kijani, mahali ambapo ukiangalia vizuri unaona alama za brashi.

"Kwa nini alipaka mahali hakuna mtu ataona?" aliuliza. Hakuwa akituuliza sisi, lakini nilimjibu.

"Labda hakutaka kutu ianzie huko."

Alicheka, na kicheko kikamletea machozi, akayafuta kwa pembe ya buibui. "Huyo alikuwa hivyo. Hata chini ya kitanda alipaka. Nilimwambia, nani atalala huko chini? Akasema, wewe hujui, pengine panya anapenda vitu vizuri." Akavuta pumzi. "Kwangua. Lakini kidogo. Kama kifungo cha shati, usizidishe."

Nilimpa Muchiri kipande cha msasa. Alikwangua pole pole, bila mzaha, mpaka chuma kikang'aa. Akafunga kile kikopo tena, akakaza skrubu, akatoka akiwa na vumbi la kijani kwenye nyusi.

"Washa, mama."

Aliwasha. Mshale wa petroli, uliozoea kupaa, ulinyanyuka kidogo tu ukasimama karibu na chini kabisa. Mama Usman aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama ule wa joto. Injini ilipopata moto, mshale wa joto ulipanda mpaka katikati ukatulia. Tulisubiri. Ukabaki hapo hapo. Alishuka akaweka kiganja juu ya boneti, akarudi akachungulia, akaweka tena.

"Wanakubaliana," alisema. Kisha kwa sauti ya chini: "Kumbe baraka ilikuwa rangi."

Nilitaka kusema kitu. Maneno yalinijia nikiwa nimeshafika nyumbani, kama kawaida yangu.

Jumamosi Usman alikuja na mnunuzi, mwanamume mpole mwenye koti zuri, ambaye tayari alikuwa anapima mahali pa kupanda maua. Mama Usman alimwambia mwanawe ashike usukani. "Twende Naro Moru, kwenye milima, uione na macho yako. Gatimu, ingia nyuma. Kama itachemka, nitakuacha wewe njiani." Nikaingia nyuma, kwenye harufu ya mbuzi.

Tulijaza petroli kwanza, tukapanda kupita Kiganjo, mlima ukiwa umejificha kwenye mawingu. Usman aliendesha macho yakiwa zaidi kwenye mshale kuliko barabarani, mpaka mama yake akampiga begani. "Angalia mbele! Unataka nife kwa kweli?" Kwenye kila mwinuko alikuwa akipunguza mwendo akingoja mshale upande. Haukupanda. Tulipofika Naro Moru alisimama, akatoka, akainua boneti, akasikiliza. Kisha nikamwona akifanya kitu ambacho nadhani hakujua anakifanya: aliweka kiganja chake juu ya chuma kama mama yake.

"Na ile siku ulikwama?" aliuliza.

"Petroli iliisha," alisema mama yake. "Mshale ulikuwa unanidanganya. Makosa ni ya babako, mwulize yeye."

Usman alicheka mpaka akaegemea gari.

Tuliporudi Gatitu, yule mnunuzi alikuwa anangoja kwa Wangui na glasi ya maziwa. Mama Usman alimwamkia vizuri, akamwambia, "Baba, gari haiuzwi. Lakini maua si mabaya. Nitakuletea karai kubwa kutoka Majengo, litakaa vizuri kwa geti."

Baada ya hapo alikuwa akipita gereji kila anapokwenda au kurudi. Redieta yake haikuwa na shida tena, lakini alikuwa na maswali. Kwa nini ubaridi wa asubuhi unafanya injini ikohoe? Kwa nini maharagwe yanachelewa kuiva Doldol kuliko kwa shangazi yake Mombasa, na moto ni ule ule? Mara nyingine nilijua, mara nyingine tulimwuliza Muchiri, naye akidanganya tulimgundua. Niligundua kwamba nimeanza kujiandalia maswali yangu ya kumwuliza. Kabura alisema sasa ninaongea hata usingizini.

Samiha alipojifungua, Mama Usman alihamia Doldol amsaidie kulea. Alifariki huko wakati wa mvua za Aprili, akazikwa siku hiyo hiyo, kama wanavyofanya. Mimi nilipata habari wiki iliyofuata, Usman alipoingia gereji akiendesha ile Landrova, akazima injini, akakaa ndani bila kushuka. Nilijua kabla hajasema.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa asubuhi aliyohama. Gari lilikuwa limejaa vyungu, mablanketi, na kitanda cha mtoto kilichofungwa juu kwa kamba. Mishale yote miwili ilikuwa mahali pake. Hakuzima injini. Aliniita dirishani akanisimulia kwamba pale anapojaza petroli alikutana na mzee mmoja mwenye Peugeot ya zamani, anayejisifu kwamba tangu pasta aliombee gari lake, halili mafuta.

Nilimwuliza kama alimwambia ukweli.

"Aa, Gatimu, ningeanzia wapi? Nilimwuliza tu anaenda wapi, akasema Kiganjo. Nikamwacha aende na baraka yake. Lakini nikamwekea kamkebe ka petroli nyuma ya kiti, asione."